Kastamu na Hatua ya Saba

Mara ya sita alipotolewa kwa namna ile ile, Arnold Owor hakulitupa gongo lake wala hakumtazama mwamuzi kwa jicho baya. Alitembea polepole hadi kwenye hema la wachezaji, akavua glavu, akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa pembeni wa begi na kuandika: Mpira wa kumi na tisa. Hatua saba. Kulia, shubiri mbili. Ukingo wa juu. Kipa. Kisha akarudi nyuma kurasa kadhaa. Ukiacha namba ya mpira, maneno yale yale yalikuwa yameandikwa mara tano, chini ya tarehe tano tofauti.

Kwa asiyeufahamu mchezo wa kriketi, maana yake ni hii. Mpigaji husimama na gongo mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini. Mrushaji humtupia mpira mgumu kutoka umbali wa mita ishirini, na mpira huo hugonga ardhi kwanza, ukadunda, ndipo umfikie. Kazi ya mpigaji ni kuujua mdundo kabla haujatokea. Mpira ukigusa tu ukingo wa gongo na kudakwa na kipa nyuma ya vijiti, mpigaji amekwisha, anampisha mwenzake. Katika mechi sita mpira uliomtoa Owor ulikuwa umegonga mahali pamoja, hatua saba kutoka kwenye vijiti vyake, na kila mara uliinuka juu kuliko mikono yake ilivyotarajia.

Warushaji walikuwa sita, wa klabu nne. Watu sita, aliwaza Owor, hawaoti ndoto moja. Kuna mtu aliyewaambia.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Usiku wa kuamkia mechi hiyo wateuzi wa timu ya taifa walikuwa wamemtumia ujumbe wa mistari mitatu: kutakuwa na mechi ya mchujo Kampala, Jumamosi ya wiki ijayo, wachezaji kumi na wanne watachaguliwa kwenda mashindano ya kufuzu, nafasi ya mpigaji wa kwanza ina watu watatu. Mstari wa nne haukuwepo, lakini Owor aliusoma hata hivyo. Akishindwa siku hiyo, ndiyo mwisho wake.

Kutoamini vitu ndiko kulikomfikisha alikofika. Alizaliwa Kisoko, nje kidogo ya mji wa Tororo, mtoto wa pili wa mkulima wa wimbi na mtama. Shule ya bweni aliyosoma ilikuwa na mwalimu wa hesabu aliyeitwa Otai, mtu mrefu kutoka upande wa Wateso, ambaye alifundisha kriketi jioni kwa magongo manne na mipira iliyoshonwa upya. Otai hakumchagua Owor kwa sababu ya mbio wala nguvu. Alimwona siku moja kwenye foleni ya uji. Wenzake walikunywa wakiwa bado wanatembea. Owor alisimama, akaunusa uji, akakitikisa kikombe, akatazama kilicho chini, ndipo akanywa.

"Mtoto anayenusa uji wa shule," Otai aliwaambia walimu wenzake, "huyo ndiye wa kufungua mchezo."

Alikuwa hajakosea. Mpigaji wa kwanza hukabiliwa na mpira mpya, mgumu, unaopinda bila taarifa, na Owor hakuwahi kuukubali mpira wowote kwa maneno yake. Aliutazama mkono wa mrushaji, kifundo cha mkono, hata namna alivyopangusa jasho. Alipoitwa timu ya taifa akiwa na miaka ishirini na mmoja, watu wa Busia, ambao wanaishi kwa kuvuka mpaka na wanajua kupekuliwa ni nini, walimpa jina la Kastamu, yaani forodha, kwa kuwa hakuna kitu kilichopita kwake bila kufunguliwa. Kule Windhoek, akiwa na miaka ishirini na minne, alikaa uwanjani kwa saa nne na nusu akapata mbio, yaani pointi, mia moja na nne, na timu iliyokuwa imeshindwa ikashinda.

Safarini hakula chakula cha hoteli isipokuwa mayai ya kuchemsha, kwa hoja kwamba yai halifunguliwi na mtu likafungwa tena. Zaidi ya hayo alikula kitu kimoja tu: kumbikumbi wa kukaanga, waliopondwa pamoja na simsim na kukandwa kuwa donge gumu, ambao mama yake, Achola, aliwafunga kwenye jani la ndizi na kuwasukumiza chini kabisa ya begi lake. Donge hilo lilikwenda naye Windhoek, likaenda Nairobi, likaenda kila mahali. Hakuwahi kulinusa.

Aliporudi kutoka Windhoek, baba yake, aliyekuwa hai bado, alimpa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ajitengenezee kiwanja cha mazoezi. Palikuwa na kichuguu kikubwa, na udongo wa kichuguu ukilowanishwa, ukashindiliwa na kupakwa samadi, hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Ndivyo akina mama wa Padhola, nchi ya kwao Owor, wanavyotengeneza nyua za kupuria wimbi. Vijana walikisawazisha kichuguu kwa majembe, wakachimba ili kumtoa malkia, maana kila mtu anajua kwamba malkia akibaki chini, mchwa watarudi. Udongo ukatandazwa mita ishirini. Kwa miaka kumi na moja Owor alifanyia mazoezi pale, na kwa miaka minane kati ya hiyo aliyemrushia mpira alikuwa mtu mmoja, Kevo, fundi wa tairi kwenye yadi ya malori upande wa Kenya wa Busia.

Sasa basi, nani alijua kuhusu hatua ya saba? Owor aliigeuza hesabu kila upande. Aliyemjua mwili wake alikuwa Kevo. Aliyempiga picha za video mwezi wa kwanza alikuwa Kevo. Na mmoja wa warushaji sita waliomtoa, Nashon, mchezaji wa klabu ya Kampala, alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Kevo. Alhamisi, siku tisa kabla ya mchujo, alivuka mpaka.

Yadi ilikuwa imejaa malori yanayosubiri karatasi zao. Madereva saba walikuwa kwenye mabenchi ya Peninah, mama wa chai, wakinywa na kulalamika. Kevo alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi lililovuliwa, mikono yake ikiwa myeusi hadi kwenye viwiko.

"Kastamu amevuka," alisema Peninah. "Leo unakagua nani?"

Owor hakuketi. "Kevo. Ile pahali ya hatua saba. Nani alijua?"

"Pahali gani?"

"Hapo wananitoa. Mara sita sasa."

"Si ni watu wako na macho."

"Nashon ni ndugu yako."

"Nashon ni binamu, si bibi yangu. Hatujaongea tangu Krismasi."

"Na video?"

"Video ulinituma wewe nikupige, ati uone miguu yako. Hata kwa simu yako iko. Si uikamate pia uiweke ndani."

Madereva walicheka. Owor alingoja wamalize. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata aliyekuwa chini ya lori la mwisho aliisikia, "Umeniuza, Kevo. Miaka nane unakula kwetu, halafu umeniuza."

Kevo aliweka chini chuma cha kutolea tairi. Alipangusa mikono kwa tambara, kidole kwa kidole, akasimama.

"Sikiza, mzee," alisema. "Nimekurushia mpira mvua na jua. Ningetaka kukuuza ningekuuza ukiwa bado una bei." Mtu mmoja kwenye benchi alikohoa. "Lakini nitakwambia kitu moja. Hakuna mtu anaambia wale watu kitu. Kule kwenu mpira ukienda hapo, wewe unainama kabla haujafika. Unainama kama mtu anaingia nyumba ya mama mkwe. Mrushaji akiona hivyo mara moja, ataenda hapo siku nzima."

"Kwa nini niiname?"

"Uliza shamba lako. Mimi kukurushia nimemaliza."

Alichuchumaa tena mbele ya tairi lake. Peninah alimimina chai iliyokuwa ya Owor kwenye kikombe cha mtu mwingine.

Njiani kurudi Owor aliyapima maneno hayo na kuyaona kuwa ya mtu aliyebanwa. Mwizi akiulizwa kuku, huonyesha kicheche. Lakini hakuwa mtu wa kuacha kitu bila kukifungua, hata kama kimetoka kwa mwizi. Kesho yake asubuhi alichukua ngazi na mianzi miwili aliyoitia alama kwa kisu, akaiweka ngazi juu ya kiwanja chake, na kwa kila hatua akauangusha mpira mara kumi kutoka kimo kile kile, akiandika ulidunda hadi wapi.

Hatua ya nne, juu ya goti. Ya tano, juu ya goti. Ya sita, juu ya goti. Ya saba, shubiri mbili kulia: chini ya kifundo cha mguu, mara kumi kati ya kumi.

Alipiga magoti. Kwa macho hapakuwa na kasoro. Samadi ilikuwa imepakwa kwa ustadi, mistari ya vidole imenyooka. Alichukua msumari wa inchi nne akaubonyeza kwa kidole gumba. Uliingia wote. Hatua moja kando ya pale, msumari ule ule ulipinda.

Kwa hiyo hakuwa ameuzwa. Alikuwa amefundishwa. Kwa msimu mzima mtu fulani alikuwa akilainisha doa moja kwenye kiwanja chake na kulifunika, na mwili wake, bila kumwuliza, ukajifunza kuinamia mpira usioinuka. Mtu huyo alijua kupaka samadi, alikuwa na nafasi ya kufika nyumbani wakati yeye hayupo, na alikuwa na sababu.

Opendi, kaka yake mkubwa, alikuwa na yote matatu. Shamba lake la muhogo lilianzia pale kiwanja kilipoishia, na tangu baba yao afariki alikuwa akisema kwamba ni familia yao peke yake Kisoko nzima iliyopanda udongo mtupu na kuumwagilia. Tena miaka mitatu iliyopita gongo la Windhoek, lile lenyewe la mbio mia moja na nne, lilipotea chumbani, na Owor hakuwahi kumshuku mtu mwingine. Alimkuta Opendi akimenya muhogo.

"Nani anachimba kiwanja changu?"

Opendi hakuinua kichwa. "Karibu, ndugu yangu. Nimeamka salama, asante. Watoto pia wameamka."

"Kuna shimo."

"Kuna shimo, kwa hiyo ni Opendi. Ng'ombe akipotea ni Opendi. Mvua isiponyesha ni Opendi." Alitupa muhogo kwenye beseni. "Mimi ningetaka kukiharibu hicho kiwanja ningekilima mchana kweupe, nipande maharage, watu wanisifu. Nina jembe. Kwa nini nikatoboe kashimo kama panya?"

Jibu lilikuwa na akili. Owor aliliandika daftarini kama jibu lenye akili, na halikumtoa Opendi kwenye orodha.

Jumamosi akawaambia wote kwa sauti, mama yake, kaka yake na wake wa jirani, kwamba anakwenda Kampala kwa siku mbili. Achola alimfungia donge lake la kumbikumbi, akamsindikiza hadi barabarani akiwa amekunja mikono, akasimama mpaka pikipiki ilipopotea. Owor alifika Tororo mjini, akanywa chai ya rangi aliyoitazama ikichemshwa, akangoja mvua ya adhuhuri ipite. Jua lilipotoka alipanda pikipiki nyingine, akateremka nusu maili kabla ya kwao, akaingia kwenye muhogo wa Opendi kwa miguu.

Ilikuwa yapata saa tisa. Kabla hajaona kitu alisikia mlio: tak-tak-tak, tak-tak-tak, wa haraka, usiokatika, kama matone makubwa yanayoanza kupiga bati. Sauti hiyo kila mtu wa Tororo anaijua. Ni ya watu wanaowadanganya kumbikumbi kwamba mvua imerudi, ili watoke ardhini waruke.

Alitenga majani. Katikati ya kiwanja chake palikuwa na fito nne zilizopindwa na kufunikwa blanketi la kahawia. Upande mmoja wa blanketi ilichomoza miguu miwili iliyonyooshwa, yenye nyayo zilizopasuka ambazo angezitambua popote. Alihesabu kutoka kwenye vijiti, ingawa hakuwa na haja. Moja, mbili, hadi saba.

Alikaribia, akainua pembe ya blanketi. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya shimo lisilozidi mdomo wa kikombe, na kumbikumbi walikuwa wakitoka kwa msongamano, mabawa yao yakimeta, wakiteleza kwenye kijifereji cha jani la ndizi hadi kwenye sufuria. Mikononi alikuwa na vijiti viwili. Alichokuwa akikipiga kilikuwa ubao uliolazwa chini, uliopasuka upande, wenye rangi ya asali.

"Mama."

Hakushtuka. "Usikanyage hapo," alisema kwa Kidhopadhola, akiendelea kupiga. "Watarudi ndani."

Owor alirudisha mguu. "Hilo ni gongo langu la Windhoek."

"Lilikuwa limepasuka. Lina sauti nzuri. Mti wa Wazungu huu, ukiupiga, unanyesha."

"Miaka mitatu nasema Opendi aliliiba."

"Nimekuwa nikikusikia."

"Na hukusema neno."

"Ungeuliza nililitaka la nini."

Aliketi chini, kwenye hatua ya tano. Kumbikumbi mmoja alipanda mkononi mwake; akamtazama. "Malkia alitolewa. Nilikuwepo. Baba alisema ametolewa."

"Baba yako alikuwa anakula. Wachimbaji wote walikuwa wanakula. Walipofika karibu na nyumba ya malkia niliwaita, nikawapa kuku na pombe ya kongo, nao wakashiba, nikawaambia nimekwisha kuliona shimo, ni tupu, fukieni. Nani amewahi kubishana na mwanamke aliyempa kuku?" Alipunguza kasi ya vijiti kidogo, akaongeza tena. "Kichuguu hiki nilipewa na mama yake baba yako siku nilipoletwa hapa. Ukiwa tumboni nilikula humu. Ukaja na vijana wenye majembe, wanaimba jina lako. Mlikuja kuniuliza sufuria kubwa iko wapi. Kuhusu kichuguu hakuna aliyeniuliza kitu."

"Ungekataa."

"Ulikuwa umetoka kwenye ndege. Watu walikuwa wamejaa. Ningekataaje?"

Owor aliona jinsi kila kitu kilivyokaa mahali pake, na kwamba katika orodha yake yote ya watu hakuwa ameandika jina hili, hata kwa kalamu ya risasi.

"Mama, nimetolewa mara sita kwa ajili ya shimo hili. Jumamosi ijayo wananipima kwa mara ya mwisho."

Achola aliacha kupiga. Uso wake ulionyesha kwamba hilo hakuwa analijua. "Miaka mingine walitokea pembeni; mwaka huu ndipo wakatokea hapa. Nilikuwa nalifunika vizuri," alisema.

"Ulilifunika vizuri sana."

"Na hapa ulikuwa unapiga vizuri. Mimi hukutazama kutoka jikoni. Mpira ukija hapa unainama, unaupiga. Nikasema, huyu mtoto ameshaelewa." Alikitazama kitu kilichokuwa begani mwa mwanawe, begi lenye donge chini yake. "Ulidhani hao unaowala hutoka wapi? Sokoni?"

Hakuweza kukitumia kiwanja tena, na zilikuwa zimebaki siku saba. Alihitaji ardhi ngumu na mtu anayeweza kuupiga mpira mahali pamoja mara mia. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja. Jumapili baada ya ibada alivuka mpaka.

Kevo alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi. Alipofika kwenye blanketi na miguu, Peninah aliweka birika chini ili acheke vizuri. Kevo hakucheka.

"Kwa hivyo ni mamako."

"Ni mama."

"Na mimi ulisema nimekuuza."

"Nimekuja kusema pole."

"Unaniambia mimi ya nini? Mimi nilikuwa najua sijakuuza." Alionyesha mabenchi kwa chuma cha kutolea tairi. "Ulisema mbele ya watu. Ondoa mbele ya hao watu. Walikuwa saba. Peninah anawajua."

"Ninawajua," alisema Peninah. "Na wawili wako hapa sasa hivi. Wa Eldoret anarudi kesho. Wengine tutaona."

Hiyo ndiyo bei. Owor, ambaye mchezoni hakuwahi kubishana na mwamuzi, aliwaendea wale wawili waliokuwa wakila maandazi, akasema kwamba Alhamisi alimtuhumu Kevo kwa uongo, na kwamba Kevo hakumuuza. Mmoja alimwuliza arudie, kwa kuwa hakusikia vizuri. Alirudia. Peninah alichukua kipande cha mkaa akapiga mistari miwili kwenye ukuta wa kibanda chake. Ndipo Kevo akanawa mikono.

Walifanyia mazoezi kwenye sakafu ya zege kati ya malori, alfajiri, kabla injini hazijawashwa. Kevo alichora duara la chaki kwenye hatua ya saba, akarusha humo mipira mia mbili kila asubuhi. Siku ya kwanza mpira uliinuka ukamgonga Owor vidole mara mbili na kidevu mara moja. Mgongo wake uliinama wenyewe, kama mtu anayesikia jina lake. Siku ya tatu aliinama nusu. Akili ilikuwa imeelewa tangu Jumamosi, lakini magoti yaliendelea kumwamini mama yake. Kila lori lililorudi, Peninah aliita, na Owor akaacha gongo akaenda kusema maneno yake. Dereva wa Eldoret alitaka kujua kama kuna fidia. Aliyekwenda Malaba alikuwa amesahau kisa chote, ikabidi kwanza atuhumiwe upya Kevo ndipo asafishwe. Ijumaa ilipofika ukuta ulikuwa na mistari sita. Wa saba alikuwa Juba na lori bovu. Walimpigia simu, ikawekwa sauti kubwa, Owor akasema, na sauti ya mbali ikajibu, "Sawa, lakini mimi hata siku ile nilijua ni wewe mwenye shida."

Peninah alipiga mstari wa saba.

"Kesho Nashon anarusha," alisema Kevo wakati wa kuagana. "Sijampigia. Ukitaka kuamini, amini."

Owor alilibeba neno hilo hadi Kampala. Saa nne asubuhi ya Jumamosi alisimama mbele ya vijiti, na Nashon, mrefu, mkimya, akaanza mbio zake kutoka mbali. Mipira mitatu ya kwanza ilikuwa ya kumsogeza nyuma. Wa nne ulikwenda hatua ya saba, kulia, shubiri mbili. Owor alipata muda wa kuwaza kwamba huenda Kevo alimpigia simu. Kwamba huenda hakumpigia. Kwamba ardhi hii chini ya majani mafupi hakuna anayejua nani analala ndani yake. Magoti yalitaka kwenda. Aliyazuia. Mpira uliinuka hadi kiunoni, mahali ambapo mpira wa kweli huinuka, ukakutana na gongo lililo wima ukakimbia hadi kwenye kamba ya mpaka.

Nashon alitazama pale ulipogonga. Akarudi pale pale mara nne zaidi, kisha akaacha.

Owor alipata mbio sabini na moja. Hakutolewa na mrushaji. Mwenzake upande wa pili alimwita wakimbie kubadilishana nafasi, mbio rahisi, na Owor alisimama kidogo kumtazama kama kweli anakimbia. Alikuwa anakimbia. Owor alipofika, vijiti vilikuwa vimekwisha kuangushwa, naye akawa ametoka.

Majina yalitoka Jumatatu. Lake lilikuwa la kumi na tatu. Alimpigia katibu wa wateuzi kuthibitisha kwamba ujumbe ulitoka kwake, kisha akampigia Otai, aliyekuwa amestaafu, na mzee akamwuliza tu kwa nini alisimama kwenye ile mbio rahisi. Kwa Kevo hakupiga simu, alivuka mpaka mwenyewe. Kevo alisema "poa", akamwomba amshikie jeki.

Nyumbani palibaki kazi moja. Vijiti vilihamishwa hatua kumi mbele, ili shimo libaki nyuma ya mpigaji ambako mpira haugongi, na upande wa pili kiwanja kikahitaji hatua kumi za muhogo wa Opendi. Owor alikwenda kuziomba. Alianza na habari ya gongo, ambalo hakuliiba, na Opendi alimwacha aseme hadi mwisho, kisha akamwambia aendelee, maana kulikuwa na ng'ombe pia, na mvua. Hatua alizitoa. Alizipima mwenyewe, kwa miguu mifupi.

Siku ya safari Achola alileta donge, moto bado, kwenye jani la ndizi. Owor alilipokea kwa mikono miwili. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akalifungua na kulinusa.

"Unanusa nini?"

"Nataka kujua wametoka wapi."

"Hawa ni wa sokoni," alisema mama yake. "Nimewanunua Busia."

Alimtazama usoni, macho, pembe za mdomo, mikono, kama anavyomtazama mtu anayemjia mbio na mpira mpya. Kwenye kucha zake kulikuwa na samadi mbichi. Owor alilifunga tena jani, akaliweka chini kabisa ya begi, mahali pake.